UZI: Kwa nini pesa ya Kisumu inapanda Riat na kuliacha ziwa?

#1 Msafiri wa Kondele
Wadau, salamu. Nimezaliwa Kondele, nikafanya kazi Mombasa miaka kumi na mmoja, na mwezi ujao narudi Kisumu na familia. Kule Nyali kila hatua unayosogelea bahari bei inapanda. Nilitarajia hivyo hivyo hapa. Jumamosi nikazunguka na ajenti siku nzima, nikarudi na swali.

Tulianza Dunga. Nyumba ya vyumba vitatu, baraza linatazama Ziwa Viktoria, unasikia wavuvi wakiitana. Kodi 28,000, na imekaa tupu tangu mwaka jana. Mchana tukapanda kilima cha Riat. Ploti ya hamsini kwa mia, mawe matupu, njia ikamshinda dereva wa tuktuk tukamalizia kwa miguu. Mwenyewe anataka milioni 4.5, na tukiwa bado tumesimama pale ikaja gari nyingine kuitazama. Kutoka kule juu ziwa linang'aa kama bati jipya.

Kwa nini watu walipe pesa zote hizo kuyatazama maji kwa mbali, na nyumba iliyo karibu nayo ikose mtu? Nataka sababu, tafadhali msiniwekee matangazo ya ploti.

#2 Boda wa Kibuye
Mbu. Lala Dunga usiku mmoja bila neti utapata jibu. Yale mawingu ya wadudu yanayotoka ziwani jioni ndiyo yanaleta malaria yote.

#3 Mama Samaki
Boda mwanangu, umechanganya. Mimi naishi Dunga mwaka wa tisa sasa. Wale wa mawingu hawaumi mtu. Hutoka kwa wingi siku chache baada ya mwezi kuandama, wanasumbua usiku miwili mitatu, wanakufa. Dawa yake ni kuzima taa ya baraza na kuwasha ya choo cha nje, wote wanahamia huko. Asubuhi unawakuta wamelala chini ya dirisha kama majani ya chai yaliyochujwa, unazoa kwa kifagio na kuwatupia kuku.

Mbu wa malaria ni mwingine kabisa, na yeye anataka maji yaliyotuama: mtaro, kopo, nyayo za ng'ombe. Nyalenda wanaye, Manyatta wanaye, Mamboleo wanaye. Neti ni lazima popote.

Msafiri, hiyo nyumba ni ya geti la kijani? Kama ndiyo, ulizia habari za maji ya 2020 kabla hujatoa hata shilingi.

#4 Msafiri wa Kondele
Geti ni la kijani, mama. Maji yapi? Ajenti hakunitajia maji yoyote.

#5 Mama Samaki
Hawezi kukutajia. Mwaka ule maji hayakuja kama mafuriko ya mto, ya kelele. Yalikuja polepole. Machi nilikuwa naanua nguo uani, nikaona nyasi za nyuma zimelowa na hakujanyesha siku mbili. Wiki iliyofuata vyura wako bafuni. Aprili tukainua sofa juu ya matofali, kisha matofali mawili. Mei watu wa nyumba hiyo ya geti la kijani walitoa kitanda chao kwa mtumbwi, nikiwa nimesimama nikiwashikia mtoto. Choo kilikuwa kimefurika siku nyingi, na hilo ndilo lililowafukuza hasa, kuliko maji yenyewe. Maji ya kunywa yalikuwa hayaaminiki tena hata ukichemsha.

Yalikaa miezi. Yalipotoka mwenye nyumba akapaka rangi mara mbili. Ukirudi, vuta kabati la jikoni utazame ukuta wa nyuma.

#6 Mvuvi Mstaafu
Mama Samaki asante, umesema kwa uangalifu. Niongeze tarehe, maana vijana wanadhani 2020 ilikuwa ajabu ya kwanza.

Baba yangu alihama mara mbili katika maji ya 1961 hadi 1964. Ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Kipimo cha Jinja, ambako ziwa linatokea kuingia Naili, kilisoma mita 13.41 mwaka 1964. Mei 2020 kikasoma 13.42. Tofauti ni upana wa kidole. Kwa hiyo ziwa lilirudi mahali lilipokuwa limewahi kufika.

Katikati ya hapo ndipo penye tatizo. 2006 maji yalipungua sana, ufuo ukasogea mbali, matope yakakauka yakaota majani. Watu wakaja na kamba na vigingi. Wakajenga pale ambapo sisi tulikuwa tunatega nyavu. Mnunuzi akija na sorveya anaona ardhi kavu, hati ipo, mipaka ipo. Hajui amesimama ndani ya ziwa la babu yangu.

#7 Boda wa Kibuye
Mzee nakuheshimu, lakini 2020 ni Uganda walifunga lile bwawa la Jinja. Kila mtu kituoni alikuwa anasema hivyo.

#8 Mwalimu wa Jiografia, Maseno
Kituoni walisema nusu tu. Bwawa la Jinja lilikamilika 1954 na ni kweli lina uwezo wa kuongeza au kupunguza maji yanayotoka. Yale ya 2006, pamoja na ukame, yalichangiwa na maji mengi kuachiwa kuendesha mitambo ya umeme. Lakini karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Viktoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mvua za mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020 zilikuwa nzito mno. Ziwa lina karibu kilomita za mraba 68,800. Likijaa kiasi hicho, bwawa haliwezi kulikausha kwa wiki moja. 2024 lilipanda tena vibaya.

Ila Mvuvi, sikubaliani kwamba hiyo ndiyo sababu ya bei ya Riat. Bei ya Riat ilikuwa inapanda kabla ya 2020. Mimi niliikosa ploti pale 2014 kwa kuchelewa wiki mbili.

#9 Mzee wa Pembe Tatu
Sababu ni ya zamani kuliko hiyo. Reli ilifika hapa 1903, mji ukaitwa Port Florence, na kuanzia siku hiyo ufuo haukuwa wetu tena. Tazameni ramani. Stesheni, gati, maghala, matangi ya mafuta, halafu ng'ambo uwanja wa ndege. Ukitaka kugusa maji katikati ya mji lazima uvuke reli au uombe ruhusa langoni. Wazungu wenyewe walijenga Milimani, kwenye mwinuko, upepo uwafikie. Sisi tukawekwa Kaloleni, Shauri Moyo, Ondiek, Makasembo. Mji ulizaliwa ukitazama reli. Ndiyo maana hata leo mtu akipata pesa anafikiria kupanda, hafikirii kushuka.

#10 Nyakisumo
Mzee shikamoo. Reli ilifika Desemba 1901, si 1903. Mengine yote nakubali.

#11 Mzee wa Pembe Tatu
Marahaba mjukuu. 1901, umenisahihisha vyema.

#12 Mwalimu wa Jiografia, Maseno
Na huyo Florence mwenyewe watu bado wanabishana. Wako wanaosema ni mke wa Preston aliyekuwa akisimamia utandazaji wa reli, na wako wanaosema ni mke wa Whitehouse, mhandisi mkuu. Wote wawili waliitwa Florence.

#13 Fundi Jembe
Mnazungumza historia, mimi nazungumza msingi. Nimechimba misingi Nyalenda, Dunga, Nyamasaria, Riat na Kanyakwar, na jibu la Msafiri liko chini ya miguu yake.

Ukanda wa chini ni udongo mweusi. Januari unapasuka mpaka mkono unaingia, Aprili unavimba na kuinua sakafu. Huwezi kuweka nyumba juu yake. Unachimba mpaka ufikie maramu, ule udongo mgumu wa kokoto. Kuna mahali Nyalenda nilichimba futi saba, na tulipofika tano maji yakaanza kutoka pembeni, tukawa tunachota kwa ndoo asubuhi kabla ya kazi. Udongo wote unatolewa kwa lori, unaleta mawe, unashindilia. Mteja wangu mmoja alimaliza pesa za kuta zote kabla hajapanda juu ya ardhi. Akakaa miaka mitatu na msingi mtupu, mbuzi wanalala humo.

Riat unachimba futi mbili unagonga jiwe. Jiwe gumu, kweli. Unawasha moto juu yake usiku, asubuhi unamwaga maji linapasuka, kisha nyundo. Jasho lipo, lakini mawe yale yale unajengea ukuta wa chini. Hakuna kinachopotea.

Basi mtu anaona ploti ya Dunga ni rahisi, ya Riat ni ghali. Ajumlishe msingi ndipo alinganishe.

#14 Juu kwa Juu
Mimi ndiye huyo mkazi wa Riat mnayemsema. Niliishi Milimani miaka minne kwenye ghorofa, feni inazunguka usiku kucha, stima ikipotea nageuza mto upande wenye baridi. Riat nalala na blanketi. Hiyo peke yake niliilipia na sijuti.

Lakini Msafiri usidanganyike. Maji ya mfereji hayajanifikia. Nanunua ya lori lita elfu kumi kwa wakati mmoja na nakinga ya paa kila tone. Mvua ikinyesha gari naliacha kwenye lami kwa jamaa mwenye duka. Mama watoto akiwa na mimba ya mwisho tulihamia kwa dada yake Mamboleo mwezi mzima, kwa kuogopa ile njia usiku. Na ukitaka kupandisha ghorofa, uko karibu na njia ya ndege, lazima mamlaka ya usafiri wa anga ikubali urefu wa nyumba kabla ya kujenga. Jirani yangu hakujua, amesimamishiwa mjengo.

Mandhari, ndiyo, ni mazuri sana. Jioni mvua inakuja ikivuka ghuba, unaiona nusu saa kabla haijakufikia.

#15 Boda wa Kibuye
Juu kwa Juu, na sisi wa pikipiki? Nauli ya kwenu usiku hakuna anayeitaka hata ukiongeza mara mbili.

#16 Juu kwa Juu
Najua. Ndiyo maana yule kijana anayekuja kwangu namlipa na chakula juu yake.

#17 Wakili Kijana
Fundi amesema udongo, mimi niseme karatasi. Ardhi nyingi za Dunga na Nyalenda ni za ukoo, za umiliki wa kudumu. Milimani kwa kiasi kikubwa ni ardhi ya kukodishwa na serikali, mara nyingi kwa miaka 99. Mnunuzi akisikia "umiliki wa kudumu" anafurahi. Kisha unafungua sajili unakuta jina la babu aliyekufa zamani, na anayeuza ni mjukuu.

Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Mabinti wana haki sawa na wana, awe ameolewa au hajaolewa. Aliye na mke au mume, idhini ya mwenzake inahitajika ikiwa ni mali ya ndoa. Na kama ardhi bado imeandikwa ya kilimo, ombi la kibali cha bodi ya ardhi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Likikosa kibali, mauzo ni batili hata kama pesa zimelipwa zote. Tena Katiba, ibara ya 62, inahesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma. Ziwa likisogea juu ya ploti yako, hati peke yake haikupi ulinzi unaoufikiria.

Benki zinajua haya yote, na mkopo ukikosekana bei haipandi.

#18 Aliyeungua
Alichosema Wakili kilinikuta. Nilinunua robo eka karibu na ziwa kutoka kwa kaka mkubwa wa familia. Wazee walikuwepo, tukala kuku, tukapigana picha. Mwaka wa pili nikiwa nimezungushia ua, dada yao akashuka kutoka Eldoret na barua ya mahakama. Hakunitukana hata kidogo. Aliniambia, "Shemeji, kaburi la mama liko wapi katika ramani yako?" Sikuwa na jibu, maana lilikuwa chini ya migomba niliyoikata mwenyewe.

Kaka alikwisha kula pesa. Kesi bado inaendelea. Simchukii yule dada, alikuwa na haki.

#19 Juu kwa Juu
Pole sana ndugu. Lakini Wakili, hata yangu ya Riat ilikuwa ya ukoo. Tofauti ni kwamba mzee mwenyewe alikuwa hai, hati kwa jina lake, na mama yuko pembeni akitia kidole. Hapo karatasi haielezi tofauti ya bei.

#20 Wakili Kijana
Kweli, haielezi yote. Nakubali.

#21 Nyar Alego, ughaibuni
Wapendwa, mimi ni mmoja wa hao wa ughaibuni wanaosemwa kupandisha bei kwa dola. Sisi tunanunua Riat kwa sababu ajenti anatutumia video ya machweo, na hatuwezi kuonja udongo kwa simu. Nataka kuuliza: nilichukua uraia wa huku 2008 na uraia wa Kenya sijaurudisha. Ninaweza kununua ile ya umiliki wa kudumu?

#22 Wakili Kijana
Kwa hali hiyo hapana, dada. Ibara ya 65 inampa asiye raia umiliki wa kukodi tu, usiozidi miaka 99. Lakini Katiba ya 2010 inakuruhusu kurudisha uraia wa kuzaliwa na kubaki na wa huko. Anza na hilo kwanza, ploti baadaye. Usiandike kwa jina la binamu.

#23 Nyar Alego, ughaibuni
Nilikuwa karibu kufanya hivyo hasa. Asante.

#24 Japuonj wa Seme
Wote mmepita pembeni ya jambo moja. Mjaluo hanunui nyumba mjini kama Mswahili wa Mombasa anavyonunua. Nyumba ni nyumba, na dala ni dala, yaani boma la kwenu kijijini, unakozikwa. Mkumbuke kesi ya S.M. Otieno. Alikuwa wakili mkubwa, ana makao yake Matasia kule Ngong, mkewe Wambui akataka azikwe huko. Mahakama ya Rufaa ikaamua Mei 1987 azikwe Nyalgunga, kijijini kwao Siaya, na akazikwa huko.

Sasa mtu wa Seme au Alego, kijijini kwake ni mwendo mfupi kwa gari. Kwa nini azike mamilioni kwenye ufuo wa ukoo wa wenyewe? Riat inampa kitu cha katikati: boma lenye kuku, mti wa mwembe, watoto wanacheza nje, na bado ni mjini. Ndicho wanachonunua kule juu. Ziwa ni nyongeza tu.

#25 Mzee wa Pembe Tatu
Japuonj, na sisi tuliozaliwa Kaloleni, makaburi yetu yako hapa hapa mjini tangu enzi ya reli? Tuna dala wapi? Mimi ningeweza ningeshuka Dunga kesho. Tusiandike kana kwamba Kisumu ni ya watu wa aina moja.

#26 Japuonj wa Seme
Umesema kweli mzee, niwie radhi. Nilisema upande niujuao.

#27 Jirani wa Section 58
Nawasoma kutoka Nakuru. Kwetu ziwa nalo limepanda tangu miaka ya 2010, likameza lango kuu la hifadhi ya wanyama, na upande wa Mwariki watu wamepoteza nyumba na mashamba. Na maji yetu ni ya magadi, huwezi hata kumwagilia sukuma. Lakini hakuna aliyewahi kulipia kodi zaidi kwa ajili ya kuliona ziwa. Milimani ya Nakuru nayo iko juu. Kwa hiyo ile hoja ya reli na ya wazungu kupenda mwinuko naiona ina uzito, maana Nakuru pia ni mji wa reli.

#28 Fundi Jembe
Lakini Nakuru mna udongo wa majivu ya volkano unaodidimia, kila baada ya mvua kubwa mnapata nyufa za ardhi. Tena ni udongo.

#29 Boda wa Kibuye
Fundi wewe hata mtu akiumwa jino utasema udongo.

#30 Fundi Jembe
Nitauliza kwanza nyumba yake iko wapi.

#31 Mlaji wa Ngege
Mimi nasikitikia Lwang'ni, pale ufuoni. Tulikuwa na mahali pa kukaa na samaki wa ngege mzima mezani, ugali wa moto, miguu karibu na maji, wakabomoa. Sasa tunakwenda Dunga, na Jumapili hakuna pa kuegesha gari. Kwa hiyo si kweli kwamba watu wamelikimbia ziwa. Wanalitaka mchana. Usiku ndio wanaliogopa.

#32 Mama Samaki
Hapo umenena. Na usiku tuna viboko pia. Wanapita kwenye mafunjo, wanakuja kula majani ya viazi vyangu. Nyayo zao asubuhi zimejaa maji, kila moja kama sufuria. Sijawahi kudhuriwa, ila saa moja ikifika sitoki kwenda kwenye kamba ya nguo.

#33 Msafiri wa Kondele
Wadau nimerudi. Nimeisoma kila hoja mara mbili, mke wangu naye amesoma.

Leo nilienda peke yangu bila ajenti. Mlinzi alinifungulia. Nilivuta kabati la jikoni kama Mama Samaki alivyosema. Rangi mpya imeishia ukingoni mwa kabati, nyuma yake ukuta ni ule wa zamani. Mstari upo, wa kahawia, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, unanifika gotini. Chini yake chokaa inabanduka ukiigusa kwa kidole. Soketi zote za jikoni zimehamishiwa kifuani, na matundu ya zile za zamani yamezibwa kwa simenti.

Kisha nikatoka barazani. Upepo ulikuwa umeanza, mitumbwi inarudi. Nilikaa pale karibu saa nzima.

Nimempigia mwenye nyumba mwenyewe. Hakukana. Kodi ameishusha hadi 17,000 na anasema choo amekijenga upya, kimeinuliwa. Mke anataka Riat. Fundi Jembe, Jumamosi utakuwa na nafasi ya kuja kukitazama hicho choo? Nauli na chakula cha mchana juu yangu.

#34 Fundi Jembe
Jumamosi saa nne. Nitakuja na jembe.